Mama buko na sudoku yangu

Bandugu, leo mama buko, ni kusema mama mukwe wangu, alinikosoa, na hakufungula hata kinywa.

Tulienda na bibi yangu Clarisse kusalimia kwao, ku quartier ya Naviundu. Clarisse akasema banamusuka nywele kwa rafiki yake "dakika kumi tu".

Ikawa masaa mbili nzima! Nilisimama, nikaikala, nikasimama tena. Simu ikazima.

Njo nikatosha mu mufuko karatasi ya sudoku, ile muchezo ya kujaza namba mu visanduku. Ni juma ya kwanza najifunza, lakini naandikaka na bic, wino yenye haifutike. Kiburi tu.

Nikatoka inje kidogo. Kurudia, naona 7 yangu imekatwa. Pembeni, 2 ya crayon, kalamu ya risasi.

Baba buko alikuwa analala pa kiti.

"Baba, ni weye?"

"Mimi? Lineti zangu za macho zilivunjika tangu Pasaka."

Kulibakia mama buko peke yake, anapika ku cuisine, nyuma ya rideau ya mulango.

Na munajua desturi yetu: mwanaume na mama ya bibi yake habaikalake pamoja, habaangalianake mu macho. Tuko na miaka ine ya ndoa, sijamusikia sauti vizuri.

Nikaandika 9, nikatoka makusudi. Nikarudi: 9 imebakia, na mu kisanduku cha chini yake, 5 ya crayon.

Nikaandika ingine, nikatoka tena. Jirani akaniuliza kama tumbo inaniuma.

Clarisse akafika: "Twende!"

Mimi: "Ngoja kidogo!"

Kisanduku cha mwisho nilikiacha wazi, nikaacha na karatasi pa meza.

Pa mulango, Clarisse anatoka kumuaga mama yake, ananiambia: "Mama anasema siku ingine ulete ya nguvu. Hii ni ya batoto."

Bandugu, wapi banauzisha sudoku ya nguvu hapa Lubumbashi? Ni haraka.