Pale Alipoishia

Nikinusa gunia la kahawa tu, narudi darasani kwetu Oldeani. Mwalimu aliziba madirisha kwa magunia ya kahawa, akatuonyesha filamu ya riwaya moja ya zamani, ya msichana aliyeingia msitu unaoongea. Msichana aliposhika kitasa cha mlango wa mwisho, mwalimu akazima.

"Yaliyobaki yamo kitabuni," alisema.

Kitabu kilikuwa kimoja. Alianza kupewa mwenzangu wa dawati.

"Usijali, nitakusimulia," aliniambia.

Alifariki kwa homa kabla hajakimaliza. Mama yake alikirudisha kikiwa na jani la mti wa kahawa katikati. Mwalimu akanikabidhi.

"Endelea pale alipoishia."

Sikuwahi kufungua ukurasa uliofuata jani lile.

Jana mwanangu alikuwa akitazama filamu ileile kwenye simu.

"Mama, njoo uone mwisho!"

Nilikuwa nimeshatoka nje, nimeziba masikio.