Uji Niliotemewa Siku Tisa

Mama mkwe wangu alinitemea uji usoni siku tisa mfululizo. Sitanii.

Niseme ukweli, mimi nina kinyaa sana. Kamasi ya mtoto tu hunikosesha chakula cha mchana.

Sasa mama mkwe akapooza upande mmoja, sauti nayo ikaenda, akaletwa kwetu. Daktari aliacha agizo: asubuhi uji wa oti, na ngano isiguse kabisa mdomo wake. Tumbo lake haliiwezi.

Umewahi kupika oti? Zinavutika. Zinateleza. Ukiosha sufuria, ule ute unakuganda vidoleni, yaani tumbo linapanda mpaka kooni. Nilivumilia wiki moja, nikachoka.

Dukani nikachukua boksi la semolina. Uji wake laini, mweupe, hauna ute. Kwangu mimi uji ni uji, wala sikusoma boksi limeandikwa nini.

Kijiko cha kwanza, puu! Usoni.

"Mama, jamani!"

Kesho yake, puu tena. Kile kidogo alichomeza kikamharisha. Nikawa nafua mashuka mara tatu kwa siku, pua nimeifunga kitambaa, natapika kando ya beseni.

"Mama yako ananifanyia makusudi," nikamwambia mume wangu.

"Mvumilie, mke wangu. Mgonjwa huyo."

Siku ya tano nikaanza kumbana pua ili ameze. Ndiyo, nilifanya hivyo.

Siku ya tisa akaja wifi yangu, ambaye ni nesi. Alipoona mama yake alivyobaki mifupa, hakunisalimia hata. Alichukua kijiko, akaonja.

"Wifi, hii si oti."

"Si uji tu huo?"

"Hii ni ngano! Unamuua mama!"

Akamwinua ili tumkimbize hospitali. Mto ukaanguka. Chini yake kulikuwa na boksi tupu la semolina, lile nililoliacha kwenye kimeza chake. Kwa ule mkono mmoja mzima, mama alikuwa ameichimba picha ya suke la ngano kwa ukucha mpaka boksi likatoboka.

Siku zote hizo alikuwa ananiambia.

Alilazwa wiki mbili, akarudi. Leo nampikia oti, na ule ute bado unanitia kichefuchefu. Ila nikiukumbuka mkono wangu kwenye pua yake, najichukia zaidi.

Wewe unayemlisha mgonjwa, akitema usimgombeze. Onja kwanza unachompa.