Mkono wa Awuor

Awuor, binti wa mfanyakazi wa reli, alikuwa na mkono wa kushoto wenye akili kuliko vichwa vingi vya hapa Nakuru, na wakaufunga. Ndiyo, waliufunga! Kwa bandeji, kiunoni, kama mwizi wa kuku.

Mwaka wa 1956 hospitali moja ya mjini ilichukua vijana wanane kuwafundisha kukanda miguu ya watoto waliopooza. Mkufunzi wao, Sista Mabel, Mzungu mkavu wa maneno, alipomwona Awuor akikanda kwa kushoto alisema Waafrika hawataki kuguswa na mkono huo, basi kwa miezi mitatu wa kushoto ufungwe, atumie wa kulia peke yake. Uchungu ni kwamba hakusema uongo mtupu. Kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu wala haupokei, na hata nyanya yake Awuor alimchapa kwa ajili hiyo. Lakini nyanya hakuwa na cheti cha kumnyima mtu.

Msichana akaanza kuharibika. Kila alfajiri alikuwa akiketi nyuma ya chumba cha dobi, daftari magotini, akitaja jina la msuli huku akiugusa kwenye mguu wake mwenyewe. Kumbukumbu yake ilikaa kwenye vidole vile. Vilipofungwa, majina yakamtoka. Akiulizwa darasani anataja msuli mwingine, wenzake wanacheka. Akaacha kula. Akazoea kujiita mjinga, na mtu akijiita hivyo kila siku mwishowe huamini. Akianguka mtihani, angerudi kwenye nyumba za reli kungoja kuolewa. Wawira, aliyelala naye chumba kimoja, alimsihi apumzike, asijiue kwa vitabu.

"Si vitabu," Awuor alimjibu. "Ni hasira, na sina pa kuiweka."

Siku ya mtihani, daktari kutoka Nairobi aliwaita mmoja mmoja, Sista akabaki nje. Awuor alipewa Cheptanui, mtoto wa miaka minne aliyepooza mguu mmoja, aliyeletwa na mama yake, aukande huku akitaja misuli. Awuor akaanza kwa mkono wa kulia. Kidole kikateleza, mtoto akalia. Hapo Awuor akamwambia mama kwamba mkono unaojua kazi ni ule mwingine, kama hatachukizwa.

"Mimi nataka mguu," mama alisema. "Mkono ni shauri lako."

Awuor akalivuta fundo la bandeji. Daktari hakushangaa, tangu binti aingie alidhani ameumia mkono. Kidole cha kushoto kikashuka pajani, na kila kilipogusa msuli jina lake likaja lenyewe, hadi kwenye kisigino. Mtoto akanyamaza, kisha akamsukuma kwa mguu uleule uliokuwa umelala.

Saa kumi wakaitwa ukumbini, wazazi wakiwapo. Awuor alikuwa wa kwanza kwa alama. Sista Mabel, asiyejua yaliyotokea ndani, akawaambia wote watazame jinsi bandeji ilivyomponya, akamnyooshea karatasi ya cheti huku akitabasamu. Loo, uso mkavu! Awuor angeweza kunyamaza na kushukuru, maana karatasi ilikuwa bado haijatoka mkononi mwa Sista, na angeweza kumnyima. Akauweka mkono wa kulia nyuma, akautoa wa kushoto mbele ya watu ambao kwao hilo ni tusi, baba yake akiwa mmoja wao.

"Huu ndio uliofaulu, Sista," alisema. "Uache uchukue cheti chake wenyewe."