Dakika Ishirini za Beseni

Hospitali yetu pale Eldoret ilikuwa na mpira mmoja tu wa kuangalia tumbo, na mtunzaji wake nilikuwa mimi. Mgonjwa aliumeza, daktari akachungulia vidonda, kisha nikauosha kwa ajili ya anayefuata. Sijisifu bure: mpira ule niliujua kuliko nilivyomjua mume wangu.

Ukimwi ulipotufikia, miaka ile ya chama kimoja, tulimwogopa kila aliyekonda. Tukawa na utaratibu, na aliyeubuni ni mimi. Asubuhi nilipita kwenye benchi nikiwatazama watu mashavu. Walionona niliwaandika mwanzo. Baada yao mpira ulipanguswa kwa spiriti na kusuuzwa, basi. Waliokonda niliwaweka mwisho, na baada yao mpira ulilala kwenye beseni la dawa kali dakika ishirini. Nilijiona mjanja. Hata matroni alinipongeza.

Kisha dereva wetu wa ambulensi akaenda kutoa damu. Alikuwa mnene, mcheshi, mtu wa kubeba mtungi wa oksijeni begani peke yake. Damu yake ilirudi na habari mbaya, akaja kuniambia akilia, maana alizoea kuniita dada. Nilimshika mkono, lakini akili ilikuwa imekimbilia ile orodha. Mwezi uliotangulia alikuwa amemeza mpira wangu, na kwa mashavu yale nilimwandika wa kwanza.

Siku ile aliyoumeza, watu watatu waliumeza baada yake. Nilimweleza daktari, tukawaita wakapimwa, na baada ya miezi wakapimwa tena. Wote walikuwa salama. Nilimshukuru Mungu nikiwa nimepiga magoti, kisha nikajikasirikia vibaya sana.

Sikungoja majibu yao ndipo niirarue orodha. Tangu siku ya yale machozi, kila mtu akawa sawa mbele ya beseni: sabuni, brashi ndefu kupitishwa ndani ya tundu la mpira, dakika ishirini za dawa kwa saa yangu ya kifuani, kisha maji yaliyochemshwa. Glavu tulizifua na kuzianika kama soksi, kwa hiyo nilizijaza maji moja moja kutafuta iliyotoboka. Foleni ikarefuka. Walionung'unika niliwajibu, na ulimi wangu haukuwa na asali.

Ndipo akaja mwenyekiti wa tawi la chama, kutoka Elgon View, mtaa wa wakubwa, beji kwenye koti na mkono tumboni. Mama mmoja wa Cheptiret alikuwa ametoka kitandani, anajipangusa mdomo. Mpira aliomeza ulikuwa umeingia kwenye dawa muda si mrefu.

"Sista, toa hiyo mpira," daktari akaninong'oneza. Alikuwa kijana, na jasho lilikuwa limemtoka. "Huyu mzee hawezi wait."

"Bado dakika kumi na nne, daktari. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

Mwenyekiti alisikia. "Wewe sista, unajua unaongea na nani? Kesho naweza kukuhamishia Lodwar, kule jangwani."

Aliweza kweli. Siku zile neno lake moja lilitosha, na mimi nilikuwa na watoto wanne shuleni na mume wa kazi za kibarua. Nikaweka kiganja juu ya mfuniko wa beseni.

"Basi nitaenda Lodwar, mzee. Lakini hii mpira haitoki."

Mama wa Cheptiret akasogeza kikapu chake kwenye benchi. "Keti tu, mzee. Hata mimi nimengoja."

Akaketi. Dakika zilipotimia, akameza mpira kama watu wengine, na machozi yakamtoka kama watu wengine. Alipokuwa akifunga vifungo vya koti aliniona nikiurudisha kwenye dawa.

"Sasa unaosha hivyo juu ya mimi? Unaniona nina hiyo ugonjwa?"

"Hapana, mzee. Ni vile tu niliosha kabla yako."

Aliondoka bila kuaga. Wiki zilizofuata, kila karani alipopita na faili, nilidhani ameniletea barua ya uhamisho. Nyumbani Kiplombe nilianza kufikiria nani angebaki na watoto.

Barua haikuja. Alikuja yeye, akimshika mkono mama yake mzazi, bibi wa ngozi na mifupa. Kwa orodha yangu ya zamani ningemwandika wa mwisho, ameze mpira uliopanguswa tu baada ya wenye mashavu. Asubuhi hiyo alikuwa ametangulia mfanyabiashara mmoja mwenye afya ya fahali, na mpira ulikuwa kwenye beseni.

"Karibu, mzee, tutaanza na mama saa hii," daktari akasema, mkono tayari kwenye mfuniko.

Mwenyekiti akaitazama saa ya kifuani mwangu, kisha akamtazama mama yake.

"Wacha kwanza, daktari," akasema. "Sista hajasema."

Nilisema baada ya dakika tisa.