Mikono Isiyokuwa Yangu

Mtoto wetu wa kwanza alikufa kwa surua muda mfupi baada ya vita vya pili vya Wazungu kwisha, mvua za mwisho wa mwaka zikiwa zimeanza. Niliishi na mama mkwe wangu kwenye milima ya Kilungu, kwa sababu mume wangu alikuwa mpishi Nairobi. Alikuja, akazika, akarudi kazini. Mimi sikulia. Wanawake wa kanisani walinisifu, wakasema Mungu amenipa nguvu.

Ukweli ni kwamba sikuwepo. Sauti zao zilinifikia kama ninazisikia nikiwa nimezamisha kichwa majini. Chakula kilikuwa pamba mdomoni. Nikienda shambani sikuihisi ardhi chini ya nyayo, na vilima vya ng'ambo nilivyovijua tangu niolewe vilionekana vimebandikwa tu, havina unene.

Asubuhi moja niliepua sufuria ya mahindi na maharagwe bila kitambaa, nikasimama nimeishika. Mama mkwe aliingia jikoni akifuata harufu ya ngozi inayoungua. Hakupiga kelele. Aliipokea ile sufuria kwa upindo wa leso yake, kisha akanizamisha mikono kwenye ndoo ya maji.

"Mikono hii ni ya nani?" aliniuliza.

Niliitazama. Malengelenge yalikuwa yakiinuka kwenye vidole vya mtu fulani.

"Sijui, mwaitu," nilimjibu. Ndivyo nilivyomwita siku zote, mama yangu, kwa Kikamba.

Nilidhani atasema nimerogwa, maana majirani walikuwa wameshaanza kunong'ona. Lakini alivuta kigoda, akaketi karibu nami, akanisimulia jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kuambiwa. Mume wake alipochukuliwa kubeba mizigo katika vita vile vya kwanza, na wenzake wakarudi bila yeye, mama mkwe alitembea na mwiba mguuni mpaka mguu ukaoza, asihisi lolote. Wakwe zake walimwita kichaa.

"Huna wazimu," akaniambia. "Mwili umejificha tu. Tutaungoja."

Tukaungoja. Kila asubuhi alinipaka mafuta ya mbarika kwenye yale majeraha, kidole kimoja kimoja, akiniuliza nahisi nini. Nikisema sihisi kitu, aliendelea kupaka. Waliokuja kuniombea aliwakaribisha, ila aliwaomba waketi na kuongea polepole, mmoja mmoja. Shambani alinitanguliza, nami nilimsikia nyuma akinitajia vitu: hapa pana matope, hapo kuna jiwe, kunde zimetoa maua.

Kwanza ilirudi pua. Niliamka nikachukizwa na uvundo wa yale mafuta. Baadaye, tukila jioni, nikamwambia chumvi imezidi. Aliacha kula, akanitazama. Hapo ndipo kifua kilipofunguka nikalia, na vidole navyo vikaanza kuwaka kana kwamba nimeungua wakati ule ule. Uchungu ulikuwa mkali kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuvumilia. Alinilaza mapajani mwake kama mtoto, chakula kikapoa.

Mume wangu alipokuja likizo ya Krismasi, aliona makovu akauliza. Nilimweleza yote, nikiogopa kwamba atanirudisha kwetu. Akasema kwamba huko jikoni kwa tajiri wake alikuwa akikatakata vitunguu na macho hayatoki hata tone la chozi, na kwamba mara nyingine alijikuta amesimama barabarani, magari yakimpita, asisikie hata honi.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema.

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, nami niliihisi baridi ile vizuri kabisa. Kesho yake hakwenda kuwaamkia wazee kama ilivyokuwa desturi yake akija nyumbani. Alibaki nami, tukaenda kupalilia kaburi la mtoto wetu, ambalo majani yalikuwa yameshalifunika.