Yowe Bila Mwizi

Mume wangu alirudi kutoka machimboni Geita amekonda, anaharisha damu. Ilikuwa miaka ya tisini, na kijijini kwetu, jirani na Kolandoto, mtu wa hali hiyo alishahukumiwa kabla hajapewa kiti. Majirani waliacha kunywa maji kwangu. Nami nikaacha kuwasalimu, na waliostahili shikamoo nao wakaikosa.

Hospitalini walimpima. Ugonjwa aliosingiziwa hawakuuona, wala amiba, wala minyoo. Daktari, Msukuma mwenzetu, akanikalisha.

"Mama, sungusungu wakisikia yowe wanafanyaje?"

"Wanatoka wote, na pinde na mishale."

"Na mwizi asipoonekana?"

"Wanatulizwa, wanarudi makwao."

"Sasa, utumboni tuna walinzi wa namna hiyo, tunazaliwa nao. Kijidudu kibaya kikiingia, wanaitana. Wa mzee wako wanaitana tu, kijidudu hakipo, na hakuna wa kuwatuliza. Mishale yote inaishia kwenye utumbo wenyewe."

Alitupatia vidonge vya kuwatuliza. Akasema mgonjwa apumzike, asikimbiekimbie, na tumbo likivimba arudishwe haraka. Kupona kabisa hakuahidi.

Kwetu, mwanamume asiyeitikia yowe alitengwa. Hapewi moto, hachoti maji kisimani, na akifa majirani hawamziki. Kwa hiyo nilikwenda kwa kiongozi wa sungusungu, tuliyemwita ntemi, nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Naomba mume wangu asamehewe yowe mpaka apone."

"Marahaba, mwanangu. Mwanamume anayefika chooni, na kwenye yowe atafika."

Alisema hivyo kwa upole kabisa. Nilimchukia siku ile na mpaka leo namchukia.

Vidonge vilisaidia kwa muda. Damu ilipungua, akaanza tena kunitania kwamba michembe yangu ni migumu kuliko mawe ya machimboni. Viazi vikavu vikimshinda ni kosa langu! Nilicheka, nikadhani tumevuka.

Hatukuwa tumevuka. Asubuhi moja aliamka na homa, tumbo limevimba. Nilituma watu kwa shemeji yangu alete baiskeli tumkimbize hospitalini. Kabla baiskeli haijafika, yowe likapigwa upande wa mbugani kwamba ng'ombe wameibwa. Akainuka, akachukua upinde wake. Nilimshika shati mpaka likachanika.

"Niache, mama watoto," akasema. "Nikifa nimetengwa, utanizika na nani?"

Walimrudisha wamembeba kwenye kitanda cha kamba, tumbo gumu kama ubao. Tulipofika hospitalini utumbo ulikuwa umeshatoboka, na hakuiona jioni. Daktari aliniambia huenda ungetoboka hata kama angelala nyumbani. Alitaka kunifariji. Sikufarijika, kwa sababu sitajua kamwe.

Ng'ombe walikutwa kwenye majaruba, wanakula mpunga wa watu. Hakuna aliyewaiba.

Kijiji kizima kilikuja kumzika. Walichimba kaburi, walichota maji, waliwasha moto uani, hata wale walioogopa vikombe vyangu. Ntemi mwenyewe alishika jembe. Na kila aliyenipa mkono wa pole aliniambia nijivunie, marehemu hakuwahi kukosa yowe.