Machungwa ya Mgonjwa

Bibi Mkasi, fundi cherehani wa pale kona, alikuwa na miaka kumi na sita alipopanda basi kwenda mji wa pili kuiona bendi aliyoipenda. Hakuaga mtu. Aliporudi kesho yake, mama yake alimpokea mlangoni.

"Majirani nimewaambia ulikwenda kumuuguza shangazi yako. Usinivue nguo!"

Hapohapo jirani akaingia na kikapu. "Pole, mwanangu. Nimeleta machungwa ya mgonjwa. Anaendeleaje?"

Mama akamkazia macho. Binti alijua kwamba uongo mmoja tu ungemwepusha na fimbo.

"Shangazi ni mzima kama kigongo," akasema. "Mimi nilikwenda kuona bendi. Nimecheza mpaka kisigino kimeng'oka." Akakiinua kiatu wakione.

"Basi machungwa yangu narudi nayo!" jirani akacheka.

Fimbo alichapwa, na cherehani ya mama aliyokuwa akijifunzia kushona akanyimwa mwezi mzima. Lakini radhi kwa safari ile hakuomba. Kiatu kile bado kipo kwenye rafu ya duka lake, kati ya nyuzi.

"Hukumwogopa mama?" wateja humuuliza.

"Nilimwogopa sana. Lakini shangazi wa watu alikosa nini hata nimlaze kitandani?"